Msitudai dakika ya kifo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Hivi karibuni gazeti lako liliandika, tena ukurasa wa mbele, kwamba uchunguzi wa daktari umethibitisha marehemu aliuawa saa 3:30 usiku. Kesi yenyewe siitaji, kwa kuwa iko mahakamani na sina la kusema juu ya nani alifanya nini. Nina la kusema juu ya hiyo saa 3:30. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza maiti, tangu nikiwa daktari kijana hadi nilipostaafu, na muda wote huo sikuwahi kukutana na mwili unaoweza kukupa nusu saa. Mwili ukiwahiwa, ukapimwa vizuri na vipimo vikaandikwa, unakupa kipindi: baada ya jioni, kabla ya alfajiri. Anayeitaja dakika ameipata kwingine. Ameipata kwenye simu iliyokatika ghafla, kwenye kamera, kwa shahidi aliyeona, au ameikisia.

Kuna watakaoona nashikilia jambo dogo. Mfikirie mshtakiwa aliyekuwa kazini mbele ya watu hadi saa 3:00 usiku, na kuanzia saa 5:00 akawa nyumbani na familia nzima. Saa 3:30 inamtia hatiani peke yake. Kipindi cha kweli, tuseme kuanzia saa 1:00 usiku hadi saa 9:00 usiku, kinawaingiza watu wengine chungu nzima ambao hakuna aliyekwenda kuwauliza walikuwa wapi.

Tuanze na joto, maana ndilo kila mtu analijua nusunusu. Kanuni inayozunguka vituo vya polisi, na hata kwa madaktari wa zamu, ni kwamba maiti hupoteza nyuzi 1 ya Selsiasi kila saa. Pima mwili, toa kwenye 37, umepata saa. Kanuni hii ni rahisi, ndiyo maana haifi. Sasa chukua maiti ya mtu mzima wa kilo 70, hana nguo, hewa imetulia, na kipimajoto kinasoma nyuzi 33. Kwa kanuni ile, amekufa saa 4 zilizopita. Lakini yupo daktari wa Ujerumani, Claus Henssge, aliyetengeneza chati inayotumika sehemu nyingi za dunia, ambayo inataka joto la mwili, joto la mahali na uzito wa marehemu kwa pamoja. Ukiingiza chumba chenye nyuzi 15, chati inakupa saa 6 na ushee. Ukiingiza chumba chenye nyuzi 29, inakupa takriban saa 13. Mtu ni yuleyule, kipimajoto kilekile, namba ileile ya 33. Kilichobadilika ni hewa ya chumba tu, na saa za kifo zimezidi maradufu.

Sababu yake haina fumbo. Mwili hupoa kwa kuachia joto liende kwenye hewa na kwenye sakafu, na kadiri joto la mwili linavyokaribiana na la chumba, ndivyo linavyotoka polepole. Mwanzoni nako kuna kituo: baada ya moyo kusimama, joto la ndani kabisa halianzi kushuka papo hapo, kwa sababu lina safari ya kutoka tumboni hadi kwenye ngozi. Likishuka kidogo, ndipo linaporomoka kwa kasi, na mwishoni linajikokota tena. Na pale hewa inapofikia nyuzi 37, mwili haupoi hata kidogo. Hapo kipimajoto hakikwambii chochote, na daktari mwaminifu anaandika hivyo.

Vipimo vingi vya mwanzo vya kupoa kwa maiti vilifanywa nchi za baridi. Ndiyo maana nathamini kazi ya G. S. W. de Saram na wenzake huko Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, waliochapisha mwaka 1955 vipimo vya joto la maiti za wafungwa walionyongwa. Ni kazi nzito kuisoma. Lakini hao walikuwa watu ambao saa yao ya kufa ilijulikana bila shaka yoyote, na walipoa katika hali ya hewa ya joto. Vipimo vya namna hiyo ni adimu.

Henssge mwenyewe hakuidai chati yake dakika. Alipoitoa aliitoa pamoja na kiasi chake cha kukosea: mazingira yakiwa mazuri kuliko yote, saa 2.8 kabla na saa 2.8 baada, na hata hapo ni kwa watu 95 katika 100. Jumlisha mwenyewe, Mhariri. Ni kipindi cha zaidi ya saa 5 na nusu, na mazingira yakiharibika kinapanuka zaidi. Anayesimama mbele ya mahakama akatoa saa 3:30 kavu amezikata hizo saa zote akazitupa.

Sasa niseme jinsi mazingira yanavyoharibika, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu na bado linanikera. Niliitwa asubuhi kwenye chumba ambacho mlango wake ulikuwa umevunjwa na majirani. Marehemu alikuwa sakafuni kando ya kitanda, kifua wazi. Madirisha yote yalikuwa wazi. Kwenye kiti kulikuwa na feni ya mezani, uso wake umeelekezwa mwilini, waya bado uko ukutani, lakini haizunguki. Nikauliza nani ameizima. Askari mmoja kijana akanijibu kwa heshima zote: "Ni mimi, daktari. Ilikuwa inapeperusha karatasi, tukashindwa kuandika." Saa ngapi uliizima? Hakumbuki. Na madirisha, yalikuwa wazi mlipoingia? Mmoja akasema yalikuwa wazi, mwingine akasema yalikuwa yamefungwa na yeye ndiye aliyeyafungua kwa ajili ya harufu. Wakabaki wanatazamana.

Sikuwagombeza. Walikuwa watu wanaofanya kazi yao bila mtu kuwafundisha. Lakini turudi kwenye mfano wangu wa kilo 70 na nyuzi 29: feni ikipuliza mwili usio na nguo, zile saa 13 zinashuka hadi takriban 10. Kumbe saa 3 zilikuwa zimelala kwenye swichi ile. Na madirisha je? Kama yalifungwa usiku kucha, chumba kilikuwa na joto gani? Nilipima hewa karibu na mwili, nikapima sakafu, nikapima mwili, nikaandika saa ya kila kipimo. Kisha nikaandika kwamba feni ilizimwa na madirisha kufunguliwa wakati usiojulikana, na kwamba kwa sababu hiyo kipindi ninachokitoa ni kirefu. Mahakamani mwendesha mashtaka hakukipenda. "Daktari, mahakama inataka saa moja, si usiku mzima." Nikamjibu, "Mheshimiwa, usiku mzima ndio nilioukuta." Jaji akaandika. Nilitoka pale nikiwa nimetulia, ingawa mpelelezi hakunisalimia tena kwa muda mrefu.

Kuna jambo la vifaa pia, na hili nawaambia hasa madaktari vijana wanaopelekwa eneo la tukio usiku bila kuandaliwa. Kipimajoto cha zebaki cha wodini kinaanzia nyuzi 35. Kwa mwili uliopoa ni sawa na kutokuwa nacho. Beba cha maabara, kirefu, kinachosoma kuanzia 0 hadi 50. Kinaingizwa njia ya haja kubwa, angalau sentimita 8, kinaachwa hadi kitulie. Kwapani hakufai, na usikipitishe kamwe kwenye jeraha. Na kama kuna dalili yoyote kwamba marehemu alibakwa, kipimajoto hakiingii huko mpaka pamba za ushahidi zichukuliwe kwanza. Ukiona huwezi kupima bila kuharibu ushahidi mkubwa zaidi, acha kupima, andika kwa nini, pima hewa ya chumba.

Hewa ya chumba! Hiyo haihitaji daktari. Askari wa kwanza kufika anaweza kuipima kwa kifaa kidogo cha mfukoni, akaandika namba na saa kwenye daftari lake. Nimeona majalada mazito ya kesi za mauaji, yana michoro, picha, maelezo ya mashahidi kurasa kwa kurasa, na hiyo namba moja haimo. Mwili unabebwa, unalazwa kwenye jokofu la mochwari usiku kucha, halafu kesho yake daktari anaambiwa akadirie saa ya kifo. Jokofu limeshafuta kila kitu. Anachoweza kupima hapo ni jokofu.

Kukakamaa na kutuama kwa damu nitavipitia haraka, kwa sababu watu wanaviamini kupita kiasi. Misuli hukakamaa kwa kuwa ile nishati inayoiwezesha kujiachia imekwisha. Nyuzi zake zinashikana na kubaki zimeshikana hadi zianze kuoza. Kwa kawaida huonekana kwanza kwenye taya na shingo baada ya saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima ndani ya saa 12 hivi, kisha hulegea baada ya siku moja au mbili. Kwenye joto yote haya yanakimbia. Mtu aliyepigana au kukimbia sana kabla ya kufa anaweza kukakamaa mapema mno. Na mkono uliokakamaa kabisa ukinyooshwa kwa nguvu ili mwili uingie kwenye machela, hausimami tena kama ulivyokuwa. Daktari akija anakuta mkono uliolegea, na asipoambiwa anaweza kudhani ugumu umeanza kuisha wenyewe.

Damu nayo hutuama upande wa chini wa mwili, ikaacha rangi ya zambarau. Saa chache za mwanzo ukibonyeza kwa kidole rangi inakimbia. Baadaye, mara nyingi baada ya saa 8 hadi 12, haikimbii. Vitabu vingi vina picha za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi hiyo inaweza kupotea kabisa machoni mwa asiyezoea, akaandika kwamba haipo. Angalia kucha, viganja, nyayo, ndani ya midomo. Faida yake kubwa si saa: madoa yakiwa mgongoni na mwili umekutwa kifudifudi, kuna mtu aliugeuza. Hilo ni jambo la maana kuliko kubishana kama ni saa 7 au saa 9.

Sasa tumbo. Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu chakula cha mwisho ndicho kinachowapendeza waandishi na mawakili kuliko vyote, na ndicho kilichokaribia kumpeleka mtoto kitanzini.

Mwezi Juni mwaka 1959, karibu na Clinton katika jimbo la Ontario, Kanada, msichana wa miaka 12 alipotea jioni. Mwili wake ulikutwa porini baada ya siku mbili. Kijana wa miaka 14, Steven Truscott, alikuwa ameonekana akimbeba kwenye baiskeli mapema jioni ile. Alisema alimpeleka hadi barabara kuu akamwacha hapo, na muda si mrefu baadaye wenzake walimwona yeye amerudi, mtulivu. Daktari aliyechunguza mwili, John Penistan, aliangalia kilichobaki tumboni, akalinganisha na chakula ambacho msichana alikula kabla ya kutoka nyumbani, akaiambia mahakama kwamba alikufa kati ya saa 1:15 na saa 1:45 jioni. Nusu saa. Katika nusu saa hiyo hakuna mwingine aliyeweza kuwa na msichana isipokuwa Truscott. Lau daktari angesema usiku ule, au alfajiri, kesi ingekuwa nyingine kabisa.

Mtoto wa miaka 14 alihukumiwa kunyongwa. Serikali ilibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha wa masharti mwaka 1969. Mwaka 1966 Penistan mwenyewe aliyapitia upya matokeo yake, akaandika kwamba hayapingani na kifo kilichotokea baadaye sana kuliko ile nusu saa. Hata hivyo, Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ilipolitazama shauri hilo miaka hiyohiyo, hatia haikuondolewa. Iliondolewa tarehe 28 Agosti 2007, pale Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilipomwachia huru na kusema haki ilipotoka. Ni miaka 48 tangu akamatwe. Mwaka uliofuata alilipwa fidia ya dola milioni 6.5 za Kanada. Sijui ni nani anaweza kupiga hesabu ya kile ambacho fedha hizo zilikuwa zinalipia.

Na sayansi ilikuwa inasema nini? Inasema tumbo si saa. Chakula kidogo chepesi kinaweza kutoka ndani ya saa moja au mbili, kizito chenye mafuta kikakaa saa 4, 6 au zaidi. Watu wawili wakila sahani moja, kila mmoja ana mwendo wake. Hofu, maumivu, kipigo cha kichwa, vyote hivyo vinaweza kusimamisha usagaji, na watu wanaouawa hawafi wakiwa wametulia. Tumbo lina faida: linaweza kukwambia kwamba mtu alikufa baada ya kula chakula fulani. Ukijua chakula kililiwa lini na wapi, umepata mahali pa kuanzia. Lakini kulitumia kukata nusu saa ni kuliomba lisichokuwa nacho.

Kinachonitisha zaidi katika kesi ile si kosa la tumbo, ni upande lilikoelekea kosa lenyewe. Daktari alitoa kipindi kinacholingana kikamilifu na kile ambacho polisi walikuwa wanakiamini tayari. Nimelijua shinikizo hilo. Mpelelezi anakuja mochwari, anakueleza stori yote akiwa amesimama mlangoni, mshukiwa ni nani, alionekana wapi, kisha anauliza, "Inaweza kuwa saa 2, daktari?" Inaweza. Karibu kila saa "inaweza". Mimi nilijiwekea utaratibu: napima, naandika kipindi changu, nasaini, ndipo nasikiliza stori. Nawasihi wenzangu walio kazini wafanye vivyo hivyo, hata kama wataitwa wakaidi.

Siku zikipita, joto na misuli havina la kusema tena, na hapo nzi ndio wanaojua zaidi. Nzi wa kijani na wa buluu hufika ndani ya dakika chache mchana, mahali pa wazi. Hutaga machoni, puani, mdomoni na kwenye jeraha. Mayai huanguliwa, mabuu hujivua ngozi mara mbili yakikua, kisha hutambaa mbali na mwili kutafuta pakavu pa kugeuka pupa, yaani kujifungia ndani ya ganda hadi yawe nzi. Kila hatua inategemea joto, na kwa nzi wanaofahamika, mwendo wa kila hatua umepimwa maabara. Kwa hiyo ukijua aina ya nzi na joto la siku zile, unaweza kurudi nyuma hadi siku yai lilipotagwa. Lakini sikiliza vizuri: siku yai lilipotagwa, si siku mtu alipokufa. Nzi hawa kwa kawaida hawatagi gizani. Aliyeuawa saa 2 usiku anaweza kusubiri hadi jua lichomoze. Aliyefungwa ndani ya turubai au chumba kisicho na upenyo anaweza kusubiri zaidi. Umri wa mabuu unakupa muda usiopungua kiasi fulani. Haukupi zaidi ya hapo.

Na ushahidi huu ndio tunaoutupa kwa mikono yetu. Nimefika mochwari nikakuta mhudumu, mtu mwema, mchapakazi, ameufungulia mwili bomba la maji ili daktari akute pasafi. Mabuu yote yamekwenda na maji. Kwake yeye ilikuwa heshima kwa marehemu, na siwezi kumlaumu. Lakini yalitakiwa yakusanywe, makubwa kuliko yote kwanza, nusu yauawe kwa maji ya moto na kuhifadhiwa kwenye spiriti, nusu yabaki hai yalelewe hadi yawe nzi ili aina ijulikane. Chini ya kitanda au pembeni mwa zulia kunaweza kuwa na vijigamba vya kahawia, vitupu, vyepesi kama pumba. Hayo ni maganda ya pupa ambamo nzi wamekwisha kutoka. Yanasema kizazi kizima kimezaliwa pale na kuruka. Nimeyaona yakifagiwa.

Mbali zaidi ya hapo, makosa hayahesabiwi tena kwa saa. Mwaka 1977 huko Tennessee, Marekani, kaburi la zamani lilikutwa limefukuliwa, na juu yake kulikuwa na mwili usio na kichwa, nyama yake bado ina rangi ya waridi. William Bass, mtaalamu wa mifupa mwenye jina kubwa, aliuangalia akasema mtu huyu hajamaliza mwaka tangu afe. Alikuwa ni mwenye kaburi mwenyewe, Kanali William Shy, aliyeuawa vitani mwaka 1864. Mwili ulikuwa umetiwa dawa na kuzikwa ndani ya jeneza la chuma. Bass alikosea kwa miaka 113, akasema hadharani kwamba amekosea, na mwaka 1981 akaanzisha katika Chuo Kikuu cha Tennessee eneo ambako miili iliyotolewa kwa hiari huachwa nje ili wataalamu waone inavyobadilika siku hadi siku. Namheshimu sana kwa hilo. Mengi tunayoyajua leo yalipatikana kwa watu waliokubali miili yao ikatufundishe.

Nisieleweke kwamba kazi hii haina maana. Ina maana kubwa, hasa vipimo vinapokutana: joto la mwili, ukakamavu, damu, madini ya potasiamu ambayo huzidi kupanda kwenye ute wa jicho baada ya kifo, pamoja na lini marehemu alionekana hai mara ya mwisho na ujumbe gani wa simu hakuufungua. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo linalofupisha kipindi kuliko vipimo vyangu vyote, na si aibu kulisema. Kipindi cha saa 8 kilichopimwa kwa uaminifu kinaweza kumtoa mtu asiye na hatia na kinaweza kuuvunja uongo wa mwenye hatia.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwako na kwa waandishi wako ni hili. Mkiletewa saa ya kifo, ulizeni nani alipima joto la mwili na la mahali, na saa ngapi. Ulizeni kama mwili ulikuwa umeguswa, umefunikwa au umeshapelekwa kwenye jokofu. Mkijibiwa kwamba hakuna aliyepima, andikeni hivyo, maana hiyo nayo ni habari. Mkipewa kipindi, chapisheni kipindi chote, hata kama kichwa cha habari kitakuwa kirefu.

Na kwa msomaji ambaye siku moja atakuwa wa kwanza kuingia: hakikisha kwanza kwamba mtu amekufa kweli, uhai unatangulia ushahidi wowote. Ukiwa na hakika, toka, usifungue dirisha, usifunike, usizime feni wala taa. Kama umeshazima, mwambie anayeandika, na saa uliyozima, hata kama ni kwa kukisia.

Ile chati ya Henssge ninayo hapa mezani, moja ya chumba cha hadi nyuzi 23 na nyingine ya zaidi ya hapo. Kusoma chati hiyo kunahitaji rula na penseli tu. Mwandishi aliyeandika ile habari akipenda kujifunza, aniandikie kupitia ofisi yako; nitakaa naye mpaka aielewe.

Wako,
Daktari mstaafu wa patholojia